Mama wa Santrali na Rezo ya Nyumba Yetu

Siku ya kwanza Mama wa Santrali alipoingia kwetu hakusalimia mtu. Alisimama katikati ya sebule, mkoba wa plastiki begani, akainua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaitazama kama muuguzi anayesoma joto la mgonjwa, kisha akauliza modemu inayotuletea rezo, yaani mtandao, iko wapi.

"Iko mu chumba yangu, mama," nikasema.

"Mu chumba fasi gani?"

"Mu malle."

Malle ni lile sanduku la kuwekea vitenge, hati za kiwanja na kila kitu ambacho mwizi asikione. Sijui nyumba ya Likasi isiyokuwa nalo.

"Malle ya chuma?"

"Ya chuma, mama. Lakini kifuniko nilikiachia nafasi ya bidole mbili, rezo ipate kutoka. Halafu nikatia munyororo na kufuli. Ju ya bezi."

Alinitazama kwa huruma kabisa.

"Mutoto yangu, hata bale ba mu gereza ya Buluo banatoshwaka inje bapate jua. Modemu yako ilifanya kosa gani?"

Dada yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka hadi akakaa sakafuni. Nami nilikuwa mtoto wa miaka thelathini na minne, mwenye diploma ya sekondari ya ufundi, upande wa umeme. Naitaja diploma ili ujue kwamba ujinga wangu ni wa kusomea.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wanakwenda kwenye mashimo ya madini ya Kamatanda, kiwandani au sokoni. Mimi nakaa kwenye kiti changu na kuwaandikia barua za kuomba kazi, nikiapa kwa niaba yao kwamba hawachoki. Dada yangu husema nikitoka nje ya lupango, yaani nje ya ua wetu, mbwa wa jirani hunibwekea kama mgeni. Anatia chumvi. Ni mbwa mmoja tu, na ni mpumbavu.

Lakini hatukumwita Mama wa Santrali kwa sababu ya barua zangu. Tulimwita kwa sababu ya mahari ya dada.

Wazazi wetu walishatangulia. Kwa desturi yetu kaka hapokei mahari peke yake. Mdomo wa kupokea ni wa mjomba, kaka yake mama. Na mjomba wetu, aliye Kolwezi, alikuwa ameanguka na pikipiki wiki moja kabla ya sherehe. Mguu ulifungwa plasta hadi kiunoni, daktari akamkataza barabara. Tukaahirisha. Upande wa bwana harusi, watu wa maombi na wa biashara wanaouza sepetu na mifuko kwa wachimbaji, walikubali, lakini baba yake kijana alituachia maneno haya mlangoni: "Mara ya kwanza ni ajali. Mara ya pili ni jibu."

Dada alikuwa amemngoja yule kijana miaka mitatu. Usiku ule hakula.

Tulipowaambia kwamba mjomba atasema kwa video, walikubali kwa sharti moja: awe pale pale, hai, aulizwe na ajibu mbele ya watu wote, na dada naye amjibu yeye. Mimi, kwa akili zangu, nilipendekeza atume video iliyorekodiwa. Msemaji wao alinitazama kama vile nimetaka kulipa mahari kwa picha ya mbuzi. "Rekodi haijibuake swali," akasema.

Basi hali ilikuwa hivyo. Sherehe ingefanyika uani, maana sebule yetu inakalisha watu wanane, tena wakiwa wembamba. Na wifi yetu ilikuwa inatoka kwenye malle, inajikokota hadi meza ya chakula, inachoka. Uani haikuwahi kufika tangu izaliwe.

Mama wa Santrali tulimjua wote mtaani, lakini jina lake sikuwahi kulisikia, wala sikuwahi kuuliza alizaliwa wapi. Alitosha alivyo. Alikuwa amefanya kazi kwenye santrali ya simu ya kiwanda, ile meza ya waya na matundu, enzi ambazo mtu wa tanuri akitaka kuongea na mtu wa ofisi ilibidi sauti yake ipite mikononi mwa mwanamke huyu. Kisha simu zikaingia mifukoni mwa watu na meza ile ikafunikwa turubai. Ukisema mbele yake kwamba alistaafu, alikurekebisha: "Minye sikustaafu. Laini njo zilistaafu."

Yeye alihamia kwenye wifi. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kusumbua nyumba za watu, na kwa kumpigia fundi mmoja wa minara wa Lubumbashi hadi fundi huyo, nasikia, akabadilisha namba.

Kazi yake aliifanya kwa chaki. Alitembea nyumbani taratibu kama yuko kwenye maandamano ya Ekaristi, simu mbele ya kifua, na kila hatua tatu alisimama, akangoja, akachora ukutani vijiti: kimoja, viwili, vitatu, vinne, kulingana na nguvu ya rezo mahali pale. Pasipo na kitu alichora duara. Ukipita mtaani kwetu ukaona nyumba imechorwa vijiti kama darasa la hesabu la watoto wadogo, ujue alipita. Na wakati wa kuchora hakutaka mtu aseme. Mtu akikohoa, alirudi nyuma hatua tatu na kuanza upya. Nilimwuliza kikohozi kinaidhuru vipi rezo.

"Rezo hakiidhuru," akasema. "Kinanidhuru minye."

Alikuwa na maadui watatu, na alikuhesabia kila alipopata nafasi: chuma, maji, kioo. "Rezo inapita mu mbao, inapita mu pazia, mu tofali inapita na kuchoka. Ukiipiga na chuma inarudia kwao." Kwa hiyo aliingia nyumba za watu kama mtoa mashtaka. Jirani yetu muuza samaki, anayeleta shehena yake kutoka ziwa Tshangalele, alikuwa amepanga friza mbili kubwa sebuleni na modemu nyuma yake, chini sakafuni, karibu na ndoo za maji. Kisha analalamika kwamba mtandao unaumwa.

"Mama samaki," akamwambia, "hapa uko na chuma, uko na mayi, na rezo unailalisha chini sawa mbwa. Wifi yako imebakisha kuomba mayi ya mwisho tu, ife."

Akaipandisha juu ya kabati upande wa pili wa chumba. Jioni yake muuza samaki alitazama mahubiri chumbani kwake bila kukatika, akatuletea samaki wanne, ingawa hatukuwa tumefanya lolote isipokuwa kuchungulia ukutani.

Kabati ndilo lilikuwa vita yake kubwa. Unalijua kabati la sebuleni: vioo nyuma, sahani za harusi ambazo hazijawahi kuona chakula, na kila kitu kimevishwa kitambaa cha kufuma. Kwetu kitu cha thamani hakikai wazi. Modemu ikinunuliwa inapewa nafasi katikati ya sahani, inafunikwa kitambaa, mlango wa kioo unafungwa, na ufunguo anakaa nao mama mwenye nyumba. Mama wa Santrali alivua vitambaa hivyo kwa adabu zote, akavikunja, akamkabidhi mwenyewe mikononi. "Hii ni ya biskuti," alisema. "Hii mashine inapumuaka."

Nyumba moja ya walokole alikuta modemu imepakwa mafuta ya maombi, kwa sababu waliamini jirani anaifunga rezo yao kwa wivu. Yeye ni Mkatoliki wa misa ya alfajiri, rozari shingoni. Nilidhani atacheka. Alitoa leso, akaifuta modemu polepole, akasema: "Maombi bakia nayo, ni muzuri. Lakini Mungu alikupa na musumari mu ukuta. Itundike." Wakaitundika, rezo ikaja, nao wakatoa ushuhuda kanisani kwamba jirani ameshindwa. Jirani huyo, kwa taarifa yako, hakuwa hata na wifi.

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa mashine. Niliwahi kumsikia akiiambia modemu ya mtu "pole, maman", kisha anageuka na kumwita mwenye nyumba punda. Aliapa kwamba miaka yote santrali hakusikiliza maongezi ya mtu, lakini alijua nani alimwomba nani msamaha mwaka gani, na alikuwa akinyamaza ghafla katikati ya hadithi, midomo imebanwa, na wewe unabaki unakufa kwa hamu. Na alikosea pia. Kuna nyumba aliipandisha modemu juu sana, hadi chini ya mabati, kwa furaha ya kwenda juu. Saa sita mchana ikachemka, ikazima. Aliitwa, akaja bila kubishana, akaishusha, akakaa nayo mapajani akiipepea kwa sahani hadi ikawaka tena. "Nilisahau jua," akasema, na kwa wiki nzima hakumwita mtu punda.

Basi huyo ndiye aliyesimama sebuleni kwetu siku nne kabla ya sherehe. Aliichora nyumba yote. Jikoni: duara. Uani: duara, duara, duara. Chumbani kwangu, pembeni ya malle: vijiti vinne.

"Uko na rezo muzuri sana," akaniambia. "Kwa nguo zako."

Tuliitoa modemu gerezani. Nilitaka kuiweka mezani kwangu, na nikaeleza kwa upole kwamba mwenye kazi ndiye anayeihitaji karibu. Yeye aliipeleka kwenye dirisha la sebule linalotazama uani, juu ya rafu ya mbao, pale inapouona mnara wa simu ulio kilimani na ua kwa pamoja. Kisha akaniomba sinia la aluminiamu.

"Mama, si ulisema chuma ni adui?"

"Adui ukimuweka mbele, anakufungia njia. Ukimuweka nyuma, anakusukuma." Akalisimamisha sinia nyuma ya modemu, upande wa chumbani kwangu, ili rezo igonge pale na kurudi uani. Akatoka, akapima. Karibu na mlango: vijiti vitatu! Mwisho wa ua, kwenye ukuta ambako viti vya wakwe vingepangwa: kimoja.

Hapo nikakumbuka, kwa fahari, kwamba nina kile kisanduku cha kurudia, kinachopokea wifi na kuitupa mbele zaidi. Nilikuwa nimekinunua mwaka uliopita na kukitia jikoni, mahali ambapo rezo haikuwahi kufika, nikasema kimeharibika.

"Ulikiweka fasi hakuna rezo?"

"Ndiyo, mama. Njo fasi ilikuwa inaomba musaada."

"Sasa muntu wa kurudia maneno asiposikia kitu, atarudia nini? Kilikuwa kinarudia kimya." Akakipeleka katikati ya safari, chini ya paa la baraza, pale penye vijiti vitatu. Akatembea tena. Ukutani kwa wakwe akasimama, akangoja, akatazama. Akachora kijiti. Akachora cha pili. Dada alikuwa ameshika mkono wangu na kuuminya. Cha tatu. Mama wa Santrali akatugeukia, akachora cha nne kwa nguvu hadi chaki ikavunjika.

Tulipiga kelele mpaka muuza samaki akaja na kisu mkononi kuuliza nani amekufa. Dada alikimbia ua mzima na simu, akimpigia mjomba Kolwezi: "Unaniona? Na hapa? Na hapa je?" Mjomba kitandani anaitika: "Nakuona! Sogea kidogo, nione yule kuku!" Mimi, mtu ambaye sikimbii hata mvua, nilimfuata nyuma nikicheka kama mlevi.

Jumamosi ya sherehe ilipofika nilikuwa nimejaa fahari hadi koo. Nyumba yangu sasa ilikuwa na rezo kila kona! Mgeni anapokuja unampa kiti, unampa maji. Nikaona na wifi ni maji. Nikachukua karatoni, nikaandika kwa herufi kubwa WIFI YA WAGENI, nikaandika na kode yake ya kuingilia, nikaipigilia mlangoni. Na kwa kuwa rezo ilikuwa tamu namna ile, asubuhi nikaiambia simu yangu ipakue filamu ya mfululizo, msimu wote, nikaitia mfukoni na kuisahau.

Wakwe waliingia kwa nyimbo. Watu zaidi ya hamsini. Tukaketi pande mbili zinazotazamana, mezani katikati kompyuta yangu na spika kubwa, na kwenye kioo mjomba amevaa koti na tai, plasta haionekani. Msemaji wao akasimama, akasema vitu vyote vimeletwa, vimeonekana, akamwuliza mjomba kama anavipokea kwa mdomo wake.

Mjomba akakohoa. "Bandugu," akasema, "mbele ya bantu na mbele ya Mungu, minye..."

Akaganda. Mdomo wazi, kidole juu, jicho moja limefumba nusu. Spika ikakwaruza, ikanyamaza.

Tukangoja. Mjomba hakufunga mdomo.

"Mujomba anafikiri?" akauliza msemaji.

"Anafikiri sana," akasema mtu wa upande wao, na wengine wakacheka, kicheko kisichopendeza. Baba yake kijana hakucheka. Aliinama akaokota kofia yake chini ya kiti. Nilimwona dada, chini ya kitenge alichofunikwa, mabega yametulia kabisa kama mtu anayeshusha pumzi ya mwisho.

Mama wa Santrali alikuwa amesimama kando ya baraza. Hakuitazama kompyuta. Alitazama watu: vichwa vimeinama, vidole gumba vinapanda na kushuka. Kisha akaiona karatoni mlangoni.

"Nani aliandika hii?"

"Minye, mama," nikanong'ona. "Ni heshima ya bageni."

"Bantu makumi tano banakunywa mu kikombe moja, na mujomba njo alikufa kiu."

"Nibadilishe kode?"

"Itazima bote, na mujomba pia. Mpaka irudi, hawa batakuwa ku barabara."

Na kumwambia mkwe azime simu yake, siku ya mahari, ni sawa na kumwambia ananuka. Mama wa Santrali aliingia jikoni, akatoka na beseni la kunawia mikono, amelikausha kwa upindo wa kitenge chake. Akavuka ua mbele ya watu wote hadi kwa baba yake kijana, ambaye alikuwa tayari na kofia kichwani. Na yule mwanamke aliyewaita punda nusu ya wanaume wa mtaa akapiga magoti yote mawili.

"Papa," akasema, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake, laini, ya chini, ya kazini, "ku santrali, mukubwa alipokuwa anataka kusema, tulikuwa tunaomba laini zingine zote zingoje kidogo. Leo mukubwa ni mujomba wa bibi-arusi. Ile siku ya batoto ba dada yako, mukubwa atakuwa weye. Nikuchungie telefone?"

Yule mzee alimtazama, akalitazama beseni. Akatia mkono kwenye koti polepole. Akaweka simu yake ndani, kisha akavua kofia, akaiweka magotini.

"Bote," akasema bila kugeuka.

Simu zikaanza kudondoka kwenye beseni kama mahindi. Wakwe, sisi, muuza samaki ambaye hakuwa amealikwa. Mama wa Santrali alizizima zote moja moja akipita. Mimi nilikuwa wa mwisho. Alipoipokea yangu ilikuwa moto kama kiazi. Akakitazama kioo, akaona ile filamu, sehemu ya kumi na moja, inaingia kwa kasi kuliko zote. Nilisubiri neno "punda". Aliizima, akaifukia chini kabisa ya zile nyingine, akaniacha na aibu yangu.

"...mumeenda wapi?" ikanguruma spika. "Allô! Nasema peke yangu hapa sawa mwenda wazimu! Bandugu! Nimesema NIMEPOKEA! Mara ngapi niseme? Nimepokea!"

Sikumbuki nani alianza vigelegele. Msemaji alikuwa anajaribu kuuliza swali la pili na hakuna aliyemsikia. Ilibidi mjomba mwenyewe apige kelele kutoka Kolwezi ili tunyamaze, amwulize dada: "Mutoto yangu, nikule hii mali? Hautarudi nyumbani, nitapike?"

Dada akavua kitenge usoni. "Kula, mujomba," akasema. "Kula yote."

Baada ya hapo mjomba alikataa kukata simu. Alitaka kuona kila kitu. Mama wa Santrali akaibeba kompyuta wazi mikononi kama trei ya mayai, akamzungusha: kwa wakwe mmoja mmoja, kwenye mbuzi, kwa shangazi, jikoni kwenye masufuria ya bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu chetu. Popote alipopita mjomba alikuwa anaongea, anatania, anaamuru nyama iongezwe, na hakukatika hata mara moja. Kisha akaja kwangu, akaniwekea mjomba mikononi.

"Sasa weye, mutembeze. Minye niko na njala."

Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho niliyoiona. Mwezi uliofuata mtoto wake alikuja kumchukua akaishi naye Lubumbashi, na ninawaombea uvumilivu mafundi wa minara wa huko. Lakini siku ile nilitii. Nilitembea uani na mjomba, mimi ambaye nina kiti changu, mzunguko baada ya mzunguko, nikiogopa hata kusimama.

"Na yule mama wa beseni," akauliza mjomba, aliyekwisha kusimuliwa habari ya zile simu, "iko upande gani? Wetu ao wao? Nijue nitamushukuru namna gani."

Nilitazama. Mama wa Santrali alikuwa amejibana kwenye benchi katikati ya baba yake kijana na shangazi yangu. Beseni liko miguuni pake na hakuna aliyethubutu kulidai. Huku akisikiliza jambo analoambiwa na mzee kwa sikio moja na jambo analoambiwa na shangazi kwa lingine, alikuwa anakula nyama kutoka kwenye sahani zote mbili.

"Mujomba," nikasema, "ngoja nikugeuze, ujionee mwenyewe."